Bahati Nayo ni Chombo cha Akili

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba bahati na sayansi haziwezi kukaa chungu kimoja. Dai hilo halina mashiko, na ushahidi umo katika taaluma ya kompyuta.

Kumbukumbu za fedha huhifadhiwa katika kompyuta kadhaa ili moja ikizimika, nyingine ziendelee na kazi. Sharti ni kwamba kompyuta hizo zikubaliane. Hata hivyo, mnamo 1985 Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha kuwa, pale ujumbe uwezapo kuchelewa bila kikomo, hakuna utaratibu usiotumia bahati unaohakikisha mwafaka utafikiwa, hata ikiwa ni kompyuta moja tu iwezayo kuzimika. Kimya cha aliyekufa na kimya cha aliyechelewa havitofautishiki.

Mwaka 1983, Michael Ben-Or alikuwa amekwisha kuonyesha njia: kura zisipotoa mwelekeo, kila kompyuta irushe sarafu ya kitarakimu, kisha zipige kura upya. Uwezekano wa kukwama milele huwa sufuri.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa hiyo katika Raft, utaratibu uliochapishwa mwaka 2014, kila kompyuta husubiri muda uliochaguliwa kwa bahati kabla ya kugombea uongozi, ili wagombea wasigawane kura daima.

Izingatiwe kwamba usahihi wa uamuzi haukuachiwa sarafu; hulindwa na wingi wa kura. Kazi ya sarafu ni kuvunja mkwamo. Anayeidharau bahati iliyopimwa hivyo hailindi sayansi, bali anaipunguzia chombo.