Jina Baya Huharibu Kalibu

Wapo wanaoamini kwamba uhandisi ni kazi ya tarakimu tupu, na kwamba lugha haina nafasi humo. Mimi ni mwanaisimu, nami nadai kinyume. Katika usanifu wa kalibu za plastiki kwa kompyuta, jina lililotolewa ovyo laweza kuharibu chuma cha thamani.

Kipande cha plastiki, tuseme kifuniko cha ndoo, hakina sura moja tu mbele ya msanifu. Ipo sura ya bidhaa, kama atakavyoiona mnunuzi. Ipo pia sura iliyokuzwa, kwa kuwa plastiki hunywea, yaani hupungua ukubwa, inapopoa. Hivyo uwazi wa kalibu hauna budi kuizidi bidhaa. Programu kama SolidWorks, iliyoingia sokoni mwaka wa 1995, huruhusu sura hizo zote kukaa katika faili moja. Msanifu huwasha au huzima sehemu fulani za kipande, au hupanga vipimo katika jedwali la Excel ambamo kila sura ina mstari wake.

Mwanafunzi wa Kiswahili atautambua mpango huu mara moja. Kutokana na mzizi -pik- twapata pika, pikia, pikwa na pikisha. Mzizi ni ule ule. Viambishi ndivyo vibadilikavyo. Hakuna anayebuni mzizi mpya kila atakapo kauli mpya. Lakini anayenakili faili nzima kwa kila badiliko hufanya hivyo hasa. Kipimo kikirekebishwa katika nakala moja, nyingine hubaki na makosa ya jana.

Hata mwenye faili moja hajasalimika ikiwa sura zake zinaitwa "Mpya", "Mpya 2" na "Ya Mwisho Kabisa". Chukua kifuniko chenye kipenyo cha milimita 300. Ikiwa ni cha polipropilini inayonywea kwa asilimia 1.5, uwazi wa kalibu utahitaji takriban milimita 304.5. Ikiwa ni cha plastiki ya ABS inayonywea kwa asilimia 0.5, milimita 301.5 zatosha. Atakayechagua sura isiyofaa atachonga chuma kwa tofauti ya milimita 3. Kifuniko hakitashika ndoo, na chuma kikishachongwa hakirudishwi kwa urahisi.

Wako watakaosema kwamba faili moja ina hatari yake: badiliko la sura moja laweza kuenea katika zote pasipo kukusudiwa. Ni kweli. Msanifu hana budi kuieleza programu iwapo badiliko ni la sura hii pekee au la zote, na mwenye pupa hukosea. Hata hivyo, dawa ya pupa ni nidhamu, si kurundika nakala.

Napendekeza kila jina liseme mambo matatu: hatua ya kazi, aina ya plastiki na kiasi cha kunywea. "Kalibu-PP-1.5" ni jina linaloeleweka hata na fundi ambaye hakuwapo mchoro ulipochorwa. Wala tusisingizie uchache wa maneno. Kalibu lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, nalo limetutumikia tangu zamani.

Walimu wa vyuo vya ufundi, yapeni majina alama zake katika mitihani. Anayesahihisha mchoro akayaacha majina amesahihisha nusu ya kazi.