Bei ya Gari Hushuka, Tumbo Lake Halishuki

Jumapili iliyopita nilikuwa kanisani na mke wangu na watoto, akasimama mhubiri mgeni akatangaza kwamba mwaka huu Mungu anawatoa watu kwenye vigari kama IST na kuwapandisha shangingi. Kanisa zima likasimama. Jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi ambaye najua ana mikopo miwili, aliinua mikono yote juu na kufumba macho. Mhubiri hakuishia hapo. Alisema gari dogo ni la kuanzia maisha, na mtu anayekaa nalo miaka 10 ana roho ya umaskini inayopaswa kukemewa.

Niliinuka nitoke, mke wangu akanishika mkono. Nilibaki, lakini hasira imenifuata hadi leo, kwa sababu maneno yale si ya mhubiri yule peke yake. Ni imani ya mji mzima. Nimeisikia kwenye vikao vya harusi, ofisini, kwenye vijiwe vya kahawa, hata msibani: ukishasogea kidogo kimaisha, uza hako kagari, ongeza hela, chukua kubwa la mtumba. Tunaambiana hivyo kama watu wanaopeana wosia.

Waumini wa imani hii wanajiona wajanja wa hesabu. Wanakwambia kwa hela ya gari dogo lenye umri mdogo unapata Prado ya mwaka 2005, yenye viti vya ngozi na nafasi ya watu saba. Kwa nini ubanane kwenye kibiriti wakati kwa bei ileile unakaa juu kama mfalme?

Jibu langu ni moja na nitalirudia hadi lieleweke. Bei ya gari hushuka, tumbo lake halishuki.

Prado ya mwaka 2005 iliundwa kwa ajili ya mtu aliyeweza kununua Prado mpya mwaka 2005. Mtu huyo ndiye aliyepangiwa bei ya breki zake, shokapu zake na taa zake. Miaka 20 baadaye gari lenyewe limeporomoka bei hadi likafika mikononi mwa karani, lakini tairi zake bado ni 265/65 za rimu ya inchi 17. Injini yake bado ni ya cc 2,700, na tangi lake bado linataka lita 87. Nenda kwenye maduka ya Gerezani ukaulize spea. Hakuna muuzaji atakayekuuliza gari umelinunua kwa shilingi ngapi ili akupunguzie. Atakuuliza ni Prado ya mwaka gani na injini gani, kisha atakutajia bei ya Prado. Dukani hakuna bei ya karani.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ya barabarani tuseme hivi: ukiona linatembea, limenyweshwa. Basi tuhesabu kinywaji. Mtu anatoka Mbezi kwenda Posta na kurudi, tumpe kilomita 50 kwa siku, siku 22 za kazi. Hizo ni kilomita 1,100 kwa mwezi. Kwa foleni yetu ya Barabara ya Morogoro, IST nzima inakupa kama kilomita 12 kwa lita, kwa hiyo inataka lita 92. Prado ya petroli ikikupa kilomita 6 kwa lita, shukuru. Hiyo inataka lita 183. Weka lita moja kwa shilingi 3,000. IST imekula 276,000. Prado imekula karibu 550,000, na hapo hajapelekwa mtoto kliniki, haijaendwa sokoni, haijafika Jumapili ya kwenda kusikiliza mahubiri.

Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na nchi nzima ikapiga makofi. Maana yake ni kwamba gari lile linakunywa mshahara wa mtu mzima mwenye familia, tena linadai nyongeza. Na kila lita ina kodi ndani yake. Serikali ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya magari mwaka 2017, haikuisamehe. Iliihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Tangu hapo anayekunywa zaidi ndiye anayelipa zaidi, na sisi tunakimbilia kununua mnywaji mkubwa.

Sizungumzi mambo ya kusoma tu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa na IST yake ya rangi ya fedha iliyomtumikia miaka sita. Alipopandishwa cheo nilimsihi asiiuze. Akaniambia, "Shemeji, siwezi kushuka kwenye kibiriti mbele ya watu ninaowasimamia." Aliiuza kwa dalali kwa bei ya haraka, akachukua mkopo SACCOS, akaleta Prado nyumbani. Tulialikwa kula pilau. Watoto walipanda siti za nyuma na kupiga picha.

Mwezi wa kwanza alijaza tangi. Mwezi wa pili akaanza kuweka mafuta ya elfu ishirini ishirini, na taa ya mafuta kwenye dashibodi ikawa haizimiki. Hakuna aliyemwambia kwamba pampu ya mafuta hukaa ndani ya tangi na hupozwa na mafuta hayohayo, na kwamba ukiendesha tangi tupu kila siku unaichoma taratibu. Ikaungua. Akafunga ya mtumba. Ikafuata mikono ya mbele, kisha shokapu, kisha tairi nne ambazo alizinunua zikiwa zimekwisha tumika, kwa sababu mpya zilikuwa karibu na ada ya muhula mzima ya mtoto wake. Oili ya IST ilikuwa haifiki lita 4. Sasa anatafuta karibu lita 6 kila akifanya sevisi, kwa hiyo akaanza kuruka sevisi. Mwezi wa tisa gari lilifunikwa turubai uani. Yeye, mkubwa asiyeweza kushuka kwenye kibiriti, anakwenda kazini kwa daladala, na SACCOS inaendelea kumkata.

Hakuibiwa na mtu. Gari halikuwa bovu alipolinunua. Alinunua bei iliyoshuka, akaletewa tumbo ambalo halijashuka.

Tujiulize, kwa nini magari haya yanatufikia kwa bei hiyo? Watu wanadhani Wajapani ni wakarimu. Mjapani anatozwa kodi ya gari ya kila mwaka kwa ukubwa wa injini. Gari lake jipya linapotimiza miaka mitatu, na kila baada ya miaka miwili kuanzia hapo, analipeleka kwenye ukaguzi wa lazima uitwao shaken, ambao haumwachi na hela mfukoni. Gari la petroli likizidi miaka 13, kodi yake inapanda. Mwaka 2001 nchi hiyo ikatunga sheria ya kuyabana magari ya dizeli yenye moshi mchafu katika miji mikubwa kama Tokyo na Osaka, na mashangingi mengi ya dizeli yakatafutiwa pa kwenda. Yule mwenye mshahara wa yeni alipiga hesabu ya kulitunza gari kubwa kuukuu, akaona halimlipi. Sisi wa shilingi tunalipokea bandarini kwa shangwe na kulifunga utepe.

Mjapani mwenyewe anaendesha nini? Takriban theluthi ya magari mapya yanayouzwa Japani ni vigari vyenye injini isiyozidi cc 660 na urefu usiozidi mita 3.4. Ni vidogo kuliko IST. Taifa lililoiunda Land Cruiser linakwenda sokoni na vigari hivyo, na hakuna mhubiri anayewaambia wana roho ya umaskini.

Halafu kuna ulevi wa namba. Mtu akikwambia amepata Prado "namba E", anaisema kama aliyetaja mwaka wa kuzaliwa. Herufi ile inaeleza gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania. Haielezi liliundwa lini. Prado iliyoundwa mwaka 2005 ikishushwa bandarini mwaka juzi itapewa namba mpya kabisa, na ndani ya namba hiyo kuna mpira, bushi na nyaya zenye umri wa kijana wa chuo kikuu. TRA wanaujua umri huo vizuri. Gari lililozidi miaka 10 wanalitoza asilimia 30 ya uchakavu, na injini inayozidi cc 2,000 inatozwa ushuru wa bidhaa asilimia 10 wakati ya IST ni asilimia 5. Mtoza kodi ameona uzee. Mnunuzi ameona herufi.

Nikisema haya watetezi wananijia na hoja ya mlinzi wa geti. Sijui ni mara ngapi nimeisikia. Eti ukifika ofisi ya watu au hotelini na gari dogo, mlinzi anakuchelewesha na kukuuliza maswali. Ukifika na shangingi anafungua geti na kupiga saluti. Hii ndiyo hoja ya watu waliosoma! Mtu mwenye shahada anajifunga kwenye mkopo wa miaka mitano ili afunguliwe geti mapema, na mlinzi mwenyewe amepanda daladala mbili kufika kazini. Kama heshima yako inategemea saluti ya mtu asiyelijua jina lako, hata treni haitakutosha.

Wengine wanataja Desemba. Lazima gari la juu, wanasema, kwa sababu ya safari ya kijijini. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni lami, na kila mwisho wa mwaka naziona IST na Vitz zimejaa njia nzima hadi Himo, zikiwa na mbuzi na mchele. Kwa zile kilomita chache za tope mlimani, kodi pikapu ya mtu wa pale. Unanunua gari kwa ajili ya siku 10 na kulinywesha siku 355 zilizobaki kwenye foleni ya Ubungo. Huo si mpango wa safari.

Najua ugonjwa huu tumeambukizwa kutoka juu. Zamani watu waliwaita wakubwa wa serikali Wabenzi, na jina lile lilikuwa na aibu ndani yake. Wakati wa shida ya mafuta, magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili mchana, na nchi haikufa. Leo simama kando ya barabara uone msafara wa mashangingi ya umma ukipita, kila moja na dereva na mtu mmoja nyuma, vioo vyeusi, viti vitano vitupu. Wakati huohuo, pale Kimara watu wamepanga foleni ya mabasi ya mwendokasi hadi nje ya kituo, na mabasi hayo, yaliyoanza mwaka 2016 kwa ahadi kubwa, yanawapita yamejaa. Kijana anayesimama kwenye foleni ile anaona vyote viwili. Hajifunzi kudai mabasi zaidi. Anajifunza kutamani kiti kimoja nyuma ya kioo cheusi.

Na kwenye makanisa na misikiti, ambako zamani tulifundishwa kuridhika na kulipa madeni, sasa wahubiri wengine wanapanda mimbarini kutaja majina ya magari. Mhubiri huyo hatakuwepo pampu itakapoungua. Hatakuwepo SACCOS watakapomwandikia mdhamini. Mdhamini wa shemeji yangu ni mimi.

Ushauri wangu ni mfupi. Kabla hujauliza bei ya gari kubwa, nenda kaulize bei ya tairi zake nne, pampu yake na mikono yake ya mbele. Kisha jaza tangi moja kwa mawazo, mara mbili kwa mwezi, miezi 12. Kama hesabu hiyo inakaa ndani ya mshahara wako bila kugusa ada ya mtoto, chukua, ni haki yako. Kama haikai, gari ulilonalo linakutosha.

Jumamosi shemeji alipata mteja. Alikuja kijana wa miaka kama 30, na IST nyeupe safi, namba D, imetunzwa kama yai. Anataka kubadilishana na kuongeza hela. Shemeji alivua turubai. Kijana akazunguka, akapapasa viti vya ngozi, akafungua mlango wa nyuma, akauliza kama kadi ni halali na kama rangi ni ya kiwandani. Hakuuliza linakunywa kiasi gani. Hakuuliza spea hata moja. Nilikuwa nimesimama pale, hatua tatu kutoka kwake, na shemeji akanitazama kwa macho ya mtu anayezama.

Nilinyamaza. Kijana aliondoka akipiga honi, na IST yake ikabaki uani. Nimeshindwa kulala siku mbili, ndipo nikaandika haya. Kama unayasoma, kijana, nilipaswa kukwambia palepale.