MGENI WA SHANTA NAYE NI MGENI

Msimu wa karafuu uliopita tulikuwa Konde, kaskazini ya Pemba, tukingojea gari ya kurudi Wete. Walikuwapo pale wageni wawili, mume na mke, kila mmoja na shanta yake mgongoni, nao wametoka msitu wa Ngezi kwa miguu. Gari ilichelewa. Bibi mmoja aliyekuwa barazani pake akichambua karafuu aliwaita wakae kivulini, akawapa chai na mkate wa kumimina. Wao hawakujua Kiswahili zaidi ya salamu, naye hakujua hata neno moja la kwao. Baada ya kitambo tulimwona yule bwana amekaa jamvini anachambua karafuu naye, polepole na vibaya, watoto wakimcheka, na bibi akimrudishia makonyo aliyoyaacha. Gari ilipofika hawakuipanda. Waliingojea ya pili.

Tumelieleza jambo hili dogo kwa kuwa tunaona limesahauliwa katika mazungumzo ya utalii Visiwani mwetu. Twasikia mengi juu ya vitanda, ndege na wawekezaji. Gazeti hili halipingi hoteli kubwa. Vijana wetu wengi wamepata kazi humo, na Serikali imepata mapato. Lakini mgeni wa hoteli ya ufukweni mara nyingi amekwisha kulipa kila kitu kwao kabla hajaondoka. Hutolewa uwanja wa ndege na gari iliyofungwa vioo, na siku ya kuondoka hurudishwa kwa gari ile ile. Baina ya safari hizo mbili, miji yetu midogo ameiona kupitia dirishani.

Mgeni wa shanta fedha yake ni kidogo, hilo halina ubishi. Bali fedha hiyo hutoka mfukoni mwake ikaingia moja kwa moja mkononi mwa mwananchi: mkononi mwa konda, mwa muuza urojo wa Chake Chake, mwa mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinne, na mwa kijana mwenye baiskeli ya kukodisha. Ateremkapo bandarini Mkoani hana ratiba. Aweza kukuta mchezo wa ng'ombe ambao hakuuona katika kitabu chochote, akalala siku mbili zaidi kwa sababu hiyo.

Mfano mwema uko Kidike, baina ya Chake Chake na Wete. Hapo hulala popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani penginepo duniani. Walikuwa wakiwindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walihofu kwamba watatoweka. Wanakijiji wenyewe walikubali kuwalinda, na mgeni afikaye kuwatazama akawa hulipa kiingilio kidogo. Leo popo hao wamezaliana kwa maelfu.

Wako wasemao kuwa ukarimu na biashara havikai chungu kimoja. Sisi hatukubaliani nao. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliwakuta vijana wakiziendea jahazi, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimpa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Mwenyeji huyo ndiye aliyemwuzia na kumnunulia mgeni bidhaa. Biashara basi ilikuwamo, lakini chakula kilitangulia. Msafiri huyo alipitia Mombasa pia, akalala usiku mmoja tu, na bado alipata la kuandika juu ya wenyeji na misikiti yao. Pemba hakuiandika. Hatuwezi kumlaumu, kwani hakulala kwetu.

Hatusemi kwamba wageni hawa hawana kasoro. Wamo wapitao sokoni na mavazi ya pwani, na wapigao watu picha bila ya kuomba ruhusa. Hao waelezwe kwa upole mapema, nasi tunaamini wengi wao watasikia. Lakini kasoro zetu nazo si haba. Papasi humvamia mgeni bandarini hata akaogopa salamu ya mtu mwema wa pili na wa tatu. Na baadhi ya wahusika humtazama kwa shaka mgeni asiye na dereva wala mwenyeji wa kampuni, kana kwamba kutembea kwa miguu ni kosa. Ulinzi wa Visiwa ni wajibu, wala hatuubezi, pasi ikaguliwe. Ila ikikaguliwa mara nne kwa siku moja, na kila mara kwa uso uliokunjwa, habari itakayofika Ulaya ni ya uso huo.

Tangu Oktoba 2024 mgeni mtu mzima atokaye Ulaya au Marekani hutakiwa kununua bima ya safari ya dola 44 aingiapo Zanzibar. Kwa bima yenyewe hatuna ugomvi. Ajali haichagui mtu. Tunaloliomba ni lipimwe hili: kwa anayelala chumba cha dola 500 fedha hizo hazionekani, na kwa anayelala chumba cha dola 15 ni karibu siku tatu za malazi, ambazo huenda angezilala Wete. Kiwango kinachofuata idadi ya siku kingekuwa cha haki zaidi.

La pili ni vibali. Mwenye vyumba viwili asipimwe kwa kipimo cha mwenye vyumba mia mbili. Fomu ya ukurasa mmoja, sheha kujulishwa, choo na maji kukaguliwa, na daftari la kuandika jina la mgeni na namba ya pasi yake: hayo yatosha kwa kuanzia, na Serikali haitapoteza ulinzi wala kodi.

Yule bibi wa Konde anacho chumba cha uani, kitupu tangu mwanawe alipohamia Unguja. Tulipomwuliza kama angependa kukikodisha kwa wapita njia, alisema angependa sana, kisha akatuuliza ruhusa ya jambo kama hilo huombwa mlango gani. Hatukuwa na jibu la kumpa.