Daladala na Zifike Kule Zilikoandikiwa

Kwa zaidi ya miaka 40 daladala ndizo zimewapeleka wakazi wengi wa Dar es Salaam kazini, shuleni, sokoni, hospitalini na katika nyumba za ibada. Mama lishe anayewahi soko la alfajiri, mwanafunzi wa sekondari, karani wa Posta na mgonjwa wa kliniki ya Muhimbili, wote husoma kibao cha gari na kuamini kilichoandikwa. Kibao hicho ni ahadi, na ahadi ni deni. Gari lililoandikwa Mbagala Rangi Tatu limemwahidi abiria kumfikisha Rangi Tatu, wala halikumwahidi nusu ya njia. Maradhi makubwa ya usafiri huu ni kwamba deni hilo halilipwi, na anayelikwepa hulala usingizi mnono.

Mambo huwa hivi. Saa kumi na mbili jioni gari hujaa Kariakoo hadi mlangoni. Konda hupenya katikati ya watu, noti amezikunja kwa urefu na kuzibana vidoleni, huku akichezesha sarafu kiganjani, na kila mmoja hutoa nauli bila kupewa tiketi. Foleni ikianza kuwa nzito, dereva na konda huangaliana. Konda hugonga bodi, gari husimama katika kituo kisicho cha mwisho, na amri hutoka: "Tunageuza hapa, wote tushuke!" Abiria hushuka wakinung'unika, mwenye mzigo na mzigo wake, mwenye mtoto na mtoto wake, wakaanze kutafuta gari jingine kwa nauli nyingine. Anayedai arudishiwe pesa yake huitwa mkorofi. Huko ndiko kukatisha ruti, na kumezoeleka hata kukaonekana ni sehemu ya safari. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika barabara za Dar es Salaam hufupishwa kila jioni mbele ya macho ya wote.

Uovu huu una historia. Kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam Motor Transport, iliyoanza zama za ukoloni, ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likazaliwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, kwa ajili ya jiji, na kampuni ya mabasi ya KAMATA kwa ajili ya safari za mikoani. Katika mabasi ya UDA abiria alikata tiketi, na dereva na konda walikuwa watu wa mshahara. Fedha za kigeni zilipoadimika, vipuri vikakosekana, mabasi yakalala karakana, na wananchi wakakesha vituoni. Mwaka 1983 Serikali ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria mjini. Uamuzi huo uliwaokoa wananchi, na wenye magari wa wakati ule wanastahili shukrani, kwani walitia mitaji yao mahali ambapo shirika la umma lilikuwa limechoka. Kosa lililofanyika ni jingine: magari yaliongezeka, utaratibu ukaachwa nyuma. Mabasi ya UDA yalipopungua, yaliondoka na tiketi zake na mishahara yake.

Mahali pa mshahara palikaliwa na hesabu. Tajiri humkabidhi dereva gari alfajiri na kumtajia kiasi cha kuleta usiku. Kiasi hicho hakijui mvua, foleni wala pancha. Mafuta hutoka kwa dereva, kadhalika pesa ya wapiga debe, na mara nyingi faini pia. Kinachobaki baada ya hesabu ndicho chakula cha dereva na konda. Kisipobaki kitu, hurudi kwao mikono mitupu baada ya kushinda barabarani tangu kabla jua halijachomoza. Wengi hawana mkataba wa maandishi, na anayeshindwa kuleta hesabu siku chache hunyang'anywa ufunguo, akawa deiwaka wa kuomba zamu kwa wenzake. Dini zinazofuatwa na wengi nchini zinaamrisha mtenda kazi apewe ujira wake. Hapa mtenda kazi humlipa tajiri kwanza, kisha huachwa ajitafutie ujira wake mwenyewe mifukoni mwa abiria.

Hilo likishaeleweka, kila kero ya daladala hupata maelezo. Asubuhi na jioni gari hukimbia, hupita pembeni ya barabara na kukatisha ruti, kwa kuwa mzunguko mmoja wa ziada ndio utakaoleta unga nyumbani. Saa tano mchana gari hilo hilo huganda kituoni likisubiri kujaa, injini ikiunguruma na watu wakilowa jasho. Usiku ukiingia, magari hupungua wakati muuguzi wa zamu na mfanyakazi wa hoteli ndio kwanza wanatoka kazini. Tamaa mbele, mauti nyuma, lakini katika biashara hii tamaa ni ya mmoja na mauti huwakuta wengine.

Anayeumia kuliko wote ni mwanafunzi. Desemba 2023 nauli ya mtu mzima kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa kuwa shilingi 600, ya mwanafunzi ikabaki shilingi 200. Kwa konda anayekimbizwa na hesabu, wanafunzi watatu ni mtu mzima mmoja, na ndiyo maana mkono wake huziba mlango akiona shati jeupe na begi la shule. Mtoto huachwa kituoni mpaka kipindi cha kwanza kinakwisha, kisha huadhibiwa shuleni kwa kuchelewa. Taifa linalosema elimu ni ufunguo wa maisha haliwezi kuuacha ufunguo huo mikononi mwa konda.

Sheria hazijakosekana. Sheria ya Leseni za Usafirishaji ipo tangu mwaka 1973. Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri wa Nchi Kavu na Majini, yaani SUMATRA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2001, na mwaka 2019 usafiri wa nchi kavu ukakabidhiwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA. Mamlaka hiyo hutoa leseni, hupanga njia na nauli, na daladala hupakwa mstari wa rangi ya njia yake. Lipo pia baraza la kuwasemea watumiaji. Upungufu umo katika usimamizi. Leseni hutolewa kwa gari moja moja, na wengi wa wenye magari wana moja au mawili. Njia moja huwa na matajiri kadhaa wanaogombania abiria wale wale, na hakuna hata mmoja anayewajibika kwa njia nzima. Trafiki akimkamata aliyekatisha ruti, dereva hulipa faini, na ili kuifidia hukatisha tena jioni ile ile. Faini anayolipa asiye na gari haimfundishi kitu mwenye gari. Mchelea mwana kulia hulia yeye: mamlaka ikiogopa kelele za matajiri, kilio huhamia kwa umma.

Majirani wameonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Nchini Kenya, Waziri John Michuki alitoa kanuni mwaka 2003, zikaanza kutekelezwa Februari 2004: vidhibiti mwendo, mikanda, mstari wa njano, sare kwa wafanyakazi, na matatu ndogo zisizidishe abiria 14. Siku za mwanzo matatu nyingi zilitoweka barabarani na watu wakatembea kwa miguu, lakini waziri hakuyumba, na nidhamu ikaonekana. Baadaye usimamizi ulilegea, hata Novemba 2018 Serikali ya Kenya ikalazimika kuanza upya kuzisimamia kanuni zile zile. Mjini Kigali, mwaka 2013 njia za jiji ziligawanywa kwa kanda na kukabidhiwa kampuni chache kwa mikataba. Utaratibu ulikuja, ila foleni za abiria vituoni hazikwisha, kwa kuwa mabasi hayakutosha. Mafunzo ni mawili: ukali wa msimu haujengi, na mkataba bila mabasi ya kutosha haumbebi mtu.

Funzo la tatu limo Dar es Salaam kwenyewe. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka uliundwa mwaka 2007, na mabasi ya mwendokasi yakaanza kubeba abiria Mei 10, 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, Gerezani na Morocco. Kila aliyeyapanda siku zile alionja raha ya kupita foleni bila kusimama. Lakini karakana iliwekwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, mafuriko yakaharibu mabasi, na umati ukarundikana vituoni. Barabara ya zege haina faida kwa abiria pasipo basi la kupita juu yake.

Dawa ya maradhi haya ina sehemu tano. Kwanza, hesabu ya siku ife: leseni itolewe kwa mwenye gari aliyewapa dereva na konda mkataba wa maandishi na mshahara. Pili, wenye magari ya njia moja waungane katika ushirika au kampuni, wapewe mkataba wa njia nzima unaotaja idadi ya magari, saa ya gari la kwanza, saa ya gari la mwisho, na muda kati ya gari na gari. Umoja ni nguvu, na ushirika si kitu kigeni kwa Mtanzania. Tatu, kila nauli iwe na tiketi au kadi. Mali bila daftari huisha bila habari. Nne, adhabu ya kukatisha ruti imfikie mwenye leseni, na inayorudiwa imnyang'anye njia. Tano, gharama ya kumbeba mwanafunzi ihesabiwe katika mkataba na kuchangiwa na Serikali, isitundikwe shingoni mwa konda. Wenye magari watasema mishahara ni mzigo. Wamesahau mzigo wanaoubeba leo: gari linaloendeshwa kwa hasira huchakaa haraka, na pesa isiyo na tiketi tajiri hajui ilikuwa kiasi gani.

Abiria naye asijione mtakatifu. Ni abiria anayemwambia dereva aongeze mwendo, anayeshuka pasipo kituo, na anayeingia kupitia dirishani Gongo la Mboto akimkanyaga aliyetangulia. Na lipo la aibu kubwa zaidi: kijana mwenye nguvu zake amekaa, simu mkononi na macho ameyafumba kwa makusudi, huku bibi wa miaka 70 au mama mjamzito akining'inia kwenye bomba mwendo mzima. Hilo halihitaji LATRA wala trafiki. Zamani mtoto alifundishwa kumpisha mkubwa kabla hajafundishwa kusoma, na aliyekataa alionywa na mtu yeyote aliyemzidi umri. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini ulimwengu nao umenyamaza. Wazazi na walimu wairudishe adabu hiyo.

Wananchi wa Dar es Salaam ni wavumilivu, na uvumilivu wao umetumiwa vibaya kwa muda mrefu. Abiria na wadai tiketi, wataje namba ya gari lililowakatisha, na wapeleke malalamiko yao panapohusika badala ya kuyamalizia kituoni. LATRA nayo isingoje sheria mpya, maana leseni imo mikononi mwake. Atakayekuja kuomba leseni ya daladala aje na mikataba ya dereva na konda wake; asiye nayo asipewe.