Njooni Mpige Hodi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Jumba la Jogoo, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Wiki moja kabla ya tathmini ya gredi ya sita, KPSEA ya mwaka 2025, nilimketisha mwanangu mkekani nikamfundisha kusema uongo. Nilimwambia: ukiulizwa unasoma wapi, taja shule hii; ukiulizwa mwalimu wako wa darasa ni nani, taja jina hili. Akanitazama kwa muda mrefu. Halafu akauliza, “Kwani mama, mwalimu wangu si wewe?” Neno “mwalimu” lilimkwama mara tatu kabla ya kutoka, maana mwanangu ana kigugumizi, na akiwa na wasiwasi ulimi humzidi uzito.

Shule iliyokubali kuandika jina lake kwenye orodha yake ilitufanyia hisani, nami siitaji. Mtihani aliufanya yeye mwenyewe, kwa alichokijua yeye mwenyewe. Ila tangu siku ile ya mkekani nimekosa utulivu. Nimemlea mtoto huyu nikimwambia ukweli hauna aibu, kisha nikampeleka kwenye meza ya serikali akiwa amebeba uongo wangu. Ndiyo sababu nakuandikia, na ndiyo sababu barua hii haina jina langu.

Nianze ilivyoanza. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, kijana alikuwa gredi ya kwanza, darasa la watoto zaidi ya 70. Mwalimu wake alikuwa mama mwema aliyelemewa. Kila alipomwinua kusoma, wenzake walicheka, na kila Jumapili jioni mtoto akaanza kuumwa na tumbo. Tulipobaki nyumbani tukawa tunafuata vipindi vya taasisi ya mitaala, KICD, kwenye redio ya KBC, na tumbo likapona. Mimi ni fundi cherehani, sikusomea ualimu. Lakini ustadhi wa madrasa alishaniambia jambo ambalo sikulitilia maanani: kijana huyu akisoma Kurani hakwami hata mara moja. Sauti ikiwa na mwendo, ulimi wake huufuata. Basi asubuhi moja nikampa kitabu chake cha Kiswahili nikamwambia asome kwa mahadhi ya utenzi, mizani minane, pumzi, mizani minane, pumzi. Akasoma ukurasa mzima. Nilikuwa na pasi ya mkaa mkononi, nikasahau, nikaunguza kanzu ya mteja. Kanzu niliilipa. Ule ukurasa ningeulipia kanzu kumi.

Shule zilipofunguliwa tarehe 4 Januari 2021, mimi na mume wangu tulikesha tukizungumza. Yeye alitaka mtoto arudi. Mama mkwe wangu alisema mtoto asiye na sare watu watamdhania hana wazazi. Tukakubaliana muhula mmoja tu. Muhula ukazaa mwaka, na mwaka ukazaa mingine.

Watu hudhani uamuzi mzito ulikuwa ule wa kumbakiza nyumbani. Ule ulikuwa wa usiku mmoja. Ulio mzito ni ule unaorudi kila kunapokucha. Mteja amebisha saa mbili na kitambaa cha harusi, je, somo la Kiingereza lisimame au mteja angoje? Mwezi wa Shaabani nguo za Idi hujaa nyumba hadi mlangoni, na ndiyo pesa yetu ya miezi minne. Ilibidi tuamue kwamba Shaabani ndiyo likizo yetu, na Desemba wenzake wanapopumzika, sisi tunasoma. Siku moja hesabu za sehemu zilimliza. Nimkaze au nimwachie? Nilifunga kitabu. Siku ya tatu nikampa mita tatu na robo za kitambaa na vipimo vya watoto wawili, nikamwambia akate karatasi kwanza, akipata suruali mbili bila kupungukiwa ajue amefaulu. Alipata. Lakini mwaka uliofuata nilimfungia kitabu mapema mno kwenye insha za Kiingereza, nikaja kugundua amebaki nyuma karibu muhula mzima. Hapakuwa na mtu wa kuniambia. Mwalimu wa shule ana mwalimu mkuu, ana mkaguzi, ana mwenzake wa kumwuliza wakati wa chai. Mimi nilikuwa na cherehani tu.

Mume wangu ni mchuuzi wa samaki. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, kijana hufuatana naye ufukweni hapa Likoni. Mwanzoni alikuwa akibeba kapu. Siku moja akachukua daftari, akawa anaandika saa ambayo maji yamejaa, leo, kesho na kesho kutwa. Baada ya wiki mbili alikuja akaniambia kwamba bahari inachelewa karibu dakika 50 kila siku, akataka kujua inamsubiri nani. Nilikuwa sina jibu. Tulitafuta pamoja, tukachora dunia na mwezi kwa chaki uani, na wazee wa pwani wakamwongezea yale ya maji makuu na maji mafu ambayo wavuvi wetu walikuwa wakiyahesabu kwa mwezi kabla hapajakuwa na daftari. Nimeusoma mtaala wa umilisi, Mheshimiwa. Nimesoma unachosema kuhusu mtoto kujifunza kutokana na mazingira yake na kuitumia elimu maishani. Sijaona mahali unapopingana na lile daftari.

Wala mimi si adui wa shule. Binti yangu ana miaka 9. Alisoma nyumbani gredi ya kwanza, kisha siku moja akakaa kizingitini akiwatazama wasichana wa mtaa wakipita na mikoba yao, akasema anataka kwenda nao. Iliniuma kidogo, sitaficha. Halafu nikaketi nikamshonea sare kwa mkono wangu, mishono miwili kila upande ili idumu. Sasa yuko shule ya umma karibu na kwetu, anacheza kabumbu, ana rafiki saba na anaimba kwenye kwaya. Kila asubuhi nyumba yangu humtoa mmoja mlangoni na kumfungulia mwingine kitabu, na wote wawili ni wanafunzi. Ila sheria inamjua mmoja tu.

Mwaka 2023 nilimtuma kijana dukani saa nne asubuhi kununua uzi. Ofisa mmoja aliyekuwa akipita mtaani akamsimamisha: mbona huko shule? Mtoto akajitahidi kujibu, na kadiri alivyojitahidi ndivyo maneno yalivyozidi kumganda. Ofisa akakuona kule kunyamaza kuwa ni kiburi. Aliletwa nyumbani ameshikwa ukosi wa shati, mtaa mzima ukitazama, nami nikaambiwa nishukuru sikupelekwa kituoni. Kwa miezi mitatu baada ya hapo kijana hakukubali kutumwa dukani. Ulimi tuliokuwa tumeufungua kwa miaka mitatu ulirudi ulikotoka.

Hata hivyo sikasiriki kwamba aliulizwa. Ninaishi pwani, najua kwa nini swali hilo linaulizwa. Nimeona watoto wa umri wake wakiparua samaki kutoka alfajiri hadi adhuhuri. Nimeona wasichana waliotolewa shule kwa jina la kusaidia kazi za nyumbani, na mwaka haukuisha wakawa wameozwa. Machifu walipoagizwa kupita nyumba kwa nyumba kutafuta watoto wasiokwenda shule, mimi niliona ni jambo jema. Mtoto aliyefungiwa ndani asijulikane na mtu anahitaji mtu wa kumbishia mlango. Tatizo ni kwamba ofisa yule alikuwa na swali moja tu. Baada ya “mbona huko shule?” hakuwa na la pili. Hakuna fomu inayomwambia aulize: basi unasoma nini, unasomeshwa na nani, tuonyeshe daftari lako. Angeuliza hivyo, mwanangu angemwonyesha bahari ya mwezi mzima.

Nimejaribu kuisoma sheria kama ninavyosoma kipimo cha nguo, mara mbili kabla ya kukata. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Hilo naliafiki kwa moyo wangu wote. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria, na asipofanya hivyo anaweza kutozwa faini, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini kifungu hichohicho hakiishii kwenye neno shule. Kinasema pia taasisi nyingine ambayo Waziri ataiidhinisha na kuiwekea utaratibu. Waziri mwenyewe ni wewe. Sikuombi uende Bungeni kubomoa sheria. Nakuomba uutumie ufunguo ambao Bunge lilishauweka mkononi mwako.

Wala hili halitakuwa geni kwa wizara yako. Kaskazini mwa nchi, serikali ilishakubali kwamba mtoto wa mfugaji hawezi kuusubiri ukuta. Kuna shule zinazohama na mifugo, mwalimu na ubao wake wakifuata familia penye malisho, na sheria hiyohiyo ya 2013 ikaunda baraza zima la elimu ya wahamaji. Kwa hiyo tulishaamua kama taifa kwamba somo ni somo hata chini ya mgunga. Afrika Kusini nao, katika sheria yao ya shule ya 1996, walimruhusu mzazi aombe kumsajili mtoto asomee nyumbani chini ya uangalizi wa idara ya elimu ya jimbo lake. Haikuwa rahisi kwao, wamekuwa wakibishana juu yake hadi juzi. Lakini mzazi wa kule ana ofisi ya kwenda na karatasi ya kujaza.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni hesabu ya gredi ya tisa. Alama za mwisho za KJSEA zinatokana na sehemu tatu: asilimia 20 kutoka KPSEA, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane, na asilimia 60 kutoka mtihani wenyewe. Zile za katikati hupelekwa kwa baraza la mitihani, KNEC, na shule. Mwanangu akiwa hana shule ya kuzipeleka, atakaa mtihanini akiwa ameshapoteza 20 kabla hajashika kalamu. Ama nitafute tena shule ya kutuazima jina, safari hii kwa miaka mitatu mfululizo, na shule hiyo ijaze alama za kazi ambazo mwalimu wake hakuziona zikifanywa. Nani anafaidika na hilo? Takwimu zako zinakuwa na mtoto kwenye darasa ambalo hayumo. Mwalimu anatia sahihi asichokijua. Na mtoto anajifunza kwamba mambo ya serikali huendeshwa hivyo.

Ninachoomba ni rejista. Mzazi anayesomesha nyumbani aandikishe mtoto katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, aseme anafuata mtaala gani na vitabu vipi, naye mtoto apewe nambari kama watoto wengine. Afisa aje nyumbani kila muhula, bila kutoa taarifa akipenda, akae na mtoto peke yake, amsikilize akisoma. Akiona mtoto hasomi, amrudishe shule, nami sitabishana naye. Zile tathmini za gredi ya saba na ya nane zifanyiwe katika shule ya umma iliyo karibu, chini ya mwalimu anayemwona, ndipo ziende KNEC. Na kama inawezekana, mtoto kama huyu aruhusiwe kuingia maabara ya shule hiyo siku mbili kwa wiki, kwa sababu gredi ya saba ina sayansi ambayo mimi na cherehani yangu hatuwezi kuimudu. Naweza kumfundisha kupwa na kujaa. Asidi siwezi.

Najua utaambiwa kwamba wazazi watalitumia daftari la nyumbani kama kichaka cha kujifichia. Wapo watakaojaribu. Lakini wa kujificha wanajificha hata leo, na sisi tusiotaka kujificha ndio tumesukumwa tuingie kichaka kimoja nao. Ukifungua rejista, atakayekwepa kuandikisha utamjua kwa kukwepa kwake.

Mwanangu bado anakwama akizungumza na wageni. Juzi, alipojua nakuandikia, aliniomba nikuambie kwamba akija mtu kutoka wizarani, yeye atamsomea, na kwamba akisoma kwa mahadhi asikatizwe hadi afike mwisho wa ukurasa. Nimemwahidi nitaliandika, na nimeliandika.

Tupo nyumbani kila siku ya wiki kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa sita. Mlango wetu una pazia la buluu na cherehani iko karibu nao, utaisikia kabla hujaiona. Isipokuwa siku za bamvua. Siku hizo tupo ufukweni na daftari, na tunarudi maji yakianza kujaa.

Wako mwananchi,

Mama wa wanafunzi wawili,
Likoni, Mombasa.