Macheo ya Hanang na Usingizi wa Dereva

Karibu kila timu ya huduma ya mkoba inayopanda kwenda wilaya za Mbulu na Hanang huwa na mtu mmoja anayeomba kuamshwa saa kumi alfajiri. Haja yake si ya kitabibu. Anataka kuliwahi jua likichomoza, apige picha, kisha arudi kunywa chai pamoja na wenzake. Ombi hilo halistahili kuchekwa. Anayesimama ukingoni mwa Bonde la Ufa upande wa Mbulu, uso wake ukielekea mashariki, huona nchi nzima chini yake ikitoka gizani polepole. Aliyeko Haydom huuona Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,417, ukijichora peke yake kusini-mashariki. Karibu na ikweta mambo haya hayangoji: tangu mwanga wa kutosha kuiona njia hadi jua lenyewe ni kama dakika ishirini tu, na anayetafuta viatu kwa muda mrefu amekosa.

Mwanga huo wa asubuhi nao ni dawa ya aina yake. Ndani ya retina zimo seli ambazo kazi yake kubwa ni kuuarifu ubongo kwamba kumekucha, na kwa taarifa hiyo saa ya mwili hujirekebisha. Muuguzi aliyechoshwa na zamu za usiku angefaidika kwa kutembea nje mapema kuliko kwa vikombe vitatu vya kahawa. Ila jua lisitazamwe kupitia tundu la kamera yenye lenzi ndefu, kwa sababu lenzi hukusanya miale na kuimimina mahali pamoja ndani ya jicho. Retina haina uwezo wa kuhisi maumivu. Mwathirika huendelea na safari yake kwa furaha, na doa jeusi katikati ya uoni hulitambua baada ya saa kadhaa. Ni salama zaidi kuitazama picha kwenye kioo cha kamera au cha simu.

Hata hivyo, bei kubwa ya macheo mara nyingi hailipwi na mpiga picha. Hulipwa na dereva. Tuchukue msafara uliofika Katesh saa nne usiku: wataalamu wameingia vyumbani, dereva bado anakagua matairi na kufunga mizigo. Analala saa sita. Saa kumi mlango wake unagongwa, na kwa kuwa anayegonga ni daktari, hasemi hapana. Baada ya picha inaanza kazi yenyewe, yaani barabara za vumbi, makorongo, miteremko, sanduku la chanjo nyuma na watu saba ndani ya gari. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Hakuna daktari ambaye angempa dereva wake bia kabla ya safari. Kumnyima usingizi, lakini, huitwa uchangamfu wa safari.

Huenda mtu akajibu kwamba wenyeji wenyewe huamka kabla ya jua na hawadhuriki. Ni kweli kwamba huamka. Wahadza, ambao baadhi yao wanaishi Yaeda Chini wilayani Mbulu, walichunguzwa pamoja na jamii mbili za Namibia na Bolivia katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Ilionekana kwamba watu wa jamii hizo hulala kwa wastani wa kati ya saa 5.7 na 7.1, na kwa kawaida huamka kabla ya mawio. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 uliwafuatilia Wahadza wazima 33 kwa siku 20; muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulifika dakika 18 tu kwa siku zote hizo. Mgeni anayedhani ameiwahi asubuhi peke yake ajue kwamba amechelewa. Lakini mazoea ya watu hao yanafuata giza na baridi, usiku baada ya usiku. Usiku wa dereva umekatwa vipande kwa ajili ya picha ya mtu mwingine.

Kwa kuwa wenyeji wako macho, wataonekana pichani. Ile inayosifiwa kuliko zote huwa ni ya mwanamke aliyejifunga shuka, mtoto mgongoni, ukungu miguuni na jua nyuma yake. Anakwenda wapi saa hiyo? Mara nyingi anakwenda kliniki, na ameondoka nyumbani gizani ili awahi foleni. Mpiga picha atasema uso hauonekani. Kijijini shuka inatosha, mwendo unatosha, na kama siku hiyo ni ya kliniki ya wanaoishi na VVU, kivuli chake kimeshasema aliloliweka moyoni kwa miaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Lakini kabla ya sheria kulikuwa na salamu: mtu husalimiwa, huombwa, na akikataa huachwa apite.

Mlima nao una watu wake. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Hanang hadi Katesh na Gendabi, na zaidi ya watu 80 walifariki. Wapo wanaoutazama mteremko ule kila kunapokucha bila kuhitaji kamera. Kumwomba mmoja wao asimame mbele yake ili picha ipate uzito ni ukatili, hata ukiombwa kwa tabasamu.

Saa kumi yenyewe ni mapema mno. Manyara iko magharibi ya Dar es Salaam, hivyo jua hufika huko karibu robo saa baadaye. Mwezi Julai huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Katesh iko chini ya mlima, na Hanang huonekana bila gari. Mwenye kutaka picha avae koti zito saa kumi na mbili, atoke kwa miguu na mwenzake mmoja, na funguo za gari azikute mezani kwa dereva, ambaye atakuwa bado amelala.