Bastola bila mafunzo? Mimi nakataa

Vijana wenzangu, mtoto wa mjomba wangu aliyehamishiwa Texas alinipigia juzi. Anataka kununua bastola, eti huko unatembea nayo kiunoni bila kibali. Ni kweli. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mwenye miaka 21 asiyekatazwa na sheria anaibeba tu hadharani. Zamani kibali kilidai darasa la saa 4 hadi 6 na mtihani wa kulenga shabaha. Sasa ni hiari yako.

Mimi napinga. Hapa kambini kugawa sabuni tu nilifundishwa siku mbili! Na hukohuko Texas, leseni ya gari hupati bila mtihani.

Wanasema mafunzo ni pesa, maskini atabaki bila ulinzi. Naielewa hoja hiyo, maskini si ndiyo sisi? Basi serikali ilipie darasa, isilifute.

Sisi tuliotoka Kivu tunajua. Jirani yetu alipigwa risasi mguuni na mlinzi aliyekuwa anasafisha bunduki. Hakuwa na ubaya naye. Hakujua tu kwamba ndani imebaki moja.

Nilimwambia ndugu yangu aende darasani kwanza. Akanijibu: “Kaka, hapa hakuna anayeniuliza.”